Maji Yaliyoshuka Jichoni: Kisa cha Ibn Abbas (R.A.) na Tiba ya Mtoto wa Jicho

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka misikiti ya Nyanda za Juu Kusini, moja limetujia kutoka Igowole, wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Mzee mmoja ana mtoto wa jicho macho yote mawili, hasomi tena Msahafu wala hajui nani kamsalimia mpaka asikie sauti. Wanawe wanataka kumpeleka hospitali, naye anakataa. Hoja yake ni kwamba Abdullah bin Abbas (R.A.), bahari ya elimu ya umma huu, alipofuka na akakataa kutibiwa. Je, hoja hii inasimama?

Kwanza tukiri kwamba mzee hakuzua. Kisa kipo katika vitabu vya athari, kikiwemo cha Ibn Abi Shayba. Ibn Abbas alishukwa na maji machoni, na hivyo ndivyo Waarabu walivyouita mtoto wa jicho. Akaambiwa na tabibu kwamba akivumilia siku saba bila kuswali ila kwa kulala chali, huenda akapona. Akapeleka swali kwa bibi Aisha, kwa Abu Hurayra na kwa masahaba wengine (R.A.). Wakamrudishia swali: ukifa ndani ya siku hizo, swala zako utazifanyaje? Akayaacha macho yake kama yalivyo, na akafariki Taif mwaka 68 H (687) akiwa kipofu.

Wanachuoni hawakuipokea riwaya hii bila kuichambua. Imam Nawawi katika al-Majmuu anaeleza kwamba karaha ya Ibn Abbas mwenyewe imepokewa kwa isnadi sahihi, lakini habari ya kumtaka fatwa bibi Aisha na bibi Ummu Salama isnadi yake ni dhaifu. Wapo walioikataa kwa hoja ya tarehe: riwaya inasema aliyewatuma matabibu ni Abdul-Malik bin Marwan, naye alishika ukhalifa mwaka 65 H (685), wakati bibi Aisha alifariki mwaka 58 H (678). Nawawi akajibu kwamba si lazima awe amewatuma akiwa tayari khalifa. Tazama, ndugu msomaji, jinsi wenzetu walivyopima habari kwa kalenda kabla ya kuijengea hukumu.

Ama mafakihi, walikhitalifiana. Imam Malik na al-Awzai hawakumruhusu mwenye kuweza kusimama aswali amelala kwa ajili ya kutibiwa macho. Mahanafi na Mahanbali wakaruhusu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, kuna kauli mbili, na iliyo sahihi zaidi kwa wengi wao ni kuruhusu, akisema hivyo tabibu mwaminifu. Ibn Qudama katika al-Mughni ametoa hoja kwamba Ummu Salama aliacha kusujudu kwa sababu ya maradhi ya macho. Kwa hiyo hata tiba ile ya kale, yenye siku saba za kulala, jamhuri ya mafakihi hawakuizuia.

Lakini liko jambo kubwa zaidi ambalo wengi hulipita. Mjadala wote ulihusu swala, wala hapana aliyesema kutibu macho ni haramu. Na kwa nini siku saba? Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia katika lenzi iliyo nyuma ya mboni. Matabibu wa kale walidhani ni maji yaliyoganda mbele ya lenzi. Walichofanya, nacho kwa Kiarabu kiliitwa qad-hi, ni kuingiza sindano ubavuni mwa jicho na kuusukuma ukungu chini, mwanga upate kupita. Kwa kweli waliyokuwa wakiisukuma ni lenzi yenyewe, nayo huweza kupanda tena. Kwa hiyo mgonjwa alifungwa macho na kulazwa chali bila kutikisa kichwa.

Waislamu waliofuata waliiendeleza fani hii. Mganga wa macho aliitwa kahhali, kutokana na kuhli, yaani wanja. Hunayn bin Ishaq, Mkristo wa Baghdad aliyefariki mwaka 260 H (873), aliandika makala kumi juu ya jicho. Baada yake Ali bin Isa wa Baghdad aliandika Tadhkirat al-Kahhalin, inayoeleza maradhi ya macho takriban 130. Ammar bin Ali wa Mosul, aliyefanya kazi Misri zama za al-Hakim (386–411 H), alieleza sindano yenye tundu ya kufyonzea ukungu ulio laini. Nayo hisba haikumwacha kila mtu atie mkono jichoni: Shayzari, katika kitabu chake cha karne ya 6 H, anamtaka muhtasibu awatahini makahhali kwa makala za Hunayn. Leo wapo wanaouza dawa za macho mnadani bila kuulizwa na yeyote, na majani yanayokamuliwa jichoni yamewaletea watu vidonda vya kioo cha jicho. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, anayetibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana.

Mwaka 1747 Mfaransa Jacques Daviel aliitoa lenzi iliyoharibika badala ya kuisukuma, na mwaka 1949 Harold Ridley wa London akaweka lenzi ya bandia mahali pake. Leo jicho hutiwa ganzi, tundu hufunguliwa dogo, na kazi mara nyingi haifiki nusu saa. Wengi hurudi nyumbani siku ile ile au ya pili yake. Siku saba za chali hazipo tena. Basi sababu iliyomzuia Ibn Abbas imeondoka, na hukumu huenda pamoja na sababu yake, ikiwepo na isipokuwepo.

Mzee akisema anasubiri malipo ya Pepo aliyoahidiwa mwenye kupoteza macho akasubiri, tunamwambia hadithi hiyo ni bishara kwa aliyefikwa, wala si amri ya kuacha tiba. Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu watafute dawa, na siku ya Khaybar, mwaka 7 H (628), Ali (R.A.) alipougua macho hakuambiwa asubiri, alitibiwa.

Baada ya upasuaji, ndani ya jicho hakuna wajibu wa kuoshwa katika udhu. Sehemu ya nje iliyokatazwa maji huachwa, huoshwa iliyobaki, na hutayamamiwa kwa ajili yake. Daktari akikataza kuinama, rukuu na sijida ni kwa ishara, kwa hadithi ya Imran bin Huswayn.

Si kila giza la macho ni mtoto wa jicho. Aliyevuka miaka 40 na Msahafu ukamwia mdogo, huenda anahitaji miwani tu. Trakoma, iliyowasumbua sana watu wa Kongwa huko Dodoma, hugeuza kope zikakwaruza kioo cha jicho. Tiba yake ni dawa ya azithromaisini mapema, upasuaji wa kope ukichelewa, na nyuso za watoto kuoshwa. Linalotutia hofu zaidi ni shinikizo la jicho, maana uoni uliopotea kwalo haurudi. Dawa yake ni matone ya kila siku, na wapo wanaoyaacha mwezi wa Ramadhani. Kwa Mashafii jicho si tundu la kuingilia ndani ya mwili, basi matone hayafunguzi hata ladha yake ikihisika kooni. Mamaliki na Mahanbali wanasema hufunguza yakifika koo. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, Jeddah, mwaka 1418 H (1997), liliamua hayafunguzi madhali mtu hamezi kinachofika kooni. Atakaye kutoka katika khilafu atie matone, afumbe jicho, abonyeze kona iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Wallahu a'alam.