Miaka 120 ya shule za misioni: aliyelipa ndiye aliyeamua

Tarehe 26 Mei 2026 imetimia miaka 120 tangu Vatikani na Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II watie sahihi mkataba uliozaa shule zetu. Kila kituo cha misioni ya Kikatoliki kilipewa hekta 100 hadi 200 za ardhi. Nacho kilitakiwa kujitahidi kufungua shule ya wenyeji, yenye kilimo, kazi za mikono na lugha za Ubelgiji, na programu yake ipelekwe mbele ya Gavana Mkuu. Tangu siku hiyo, kutoka Uvira ufukweni mwa Tanganyika hadi Mulenge kule juu ya bonde la Ruzizi, swali moja limekuwa likirudi kila kizazi: nani analipa? Jibu lake ndilo limeamua shule ifanye kazi gani katika jamii, na imfanyie nani.

Wanasosholojia wametupa njia mbili za kulitazama jambo hili. Kwa Émile Durkheim, shule ndipo jamii inapojiendeleza: mtoto hupokea maadili ya wote na kuandaliwa kwa kazi inayomngoja. Mwaka 1970 Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron walitoa kitabu La Reproduction na kuonyesha upande wa pili: shule humrithisha mtoto nafasi ya wazazi wake, kisha humpa cheti kinachoufanya urithi huo uonekane ni jasho lake mwenyewe. Kwetu yote mawili yalitokea pamoja. Shule ya kikoloni iliwaunganisha makarani, makatekista na wauguzi katika utaratibu mmoja, na papo hapo ikawafungia wengine mlango. Kufikia uhuru wa 1960, Kongo ilikuwa na mapadri Waafrika mamia, lakini wenye shahada ya chuo kikuu hawakuzidi 20 au 30. Si kwamba misioni zilishindwa kufundisha. Zilifundisha kile zilichokihitaji, na kile serikali ilichokubali kukilipia.

Ugomvi wa miaka ya 1950 unalidhihirisha hilo kuliko jambo lolote. Tangu miaka ya 1920 serikali ilitoa ruzuku kwa misioni zilizoitwa za kitaifa, yaani za Wabelgiji, karibu zote za Kikatoliki. Wapentekoste wa Sweden waliofika Uvira mwaka 1921 hawakuwamo. Walifundisha kwa sadaka za makanisa yao hadi Waprotestanti walipokubaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1954 mliberali Auguste Buisseret akawa waziri wa makoloni. Akafungua shule za serikali zisizo za dini kwa Waafrika, na tume ya Coulon, Deheyn na Renson ikaandika ripoti kali juu ya elimu ya misioni. Maaskofu wakapinga, magazeti ya Ubelgiji yakawaka moto, na vita vya shule vya Wabelgiji wenyewe vikahamia kwetu. Suluhu ikawa mgawo wa fedha: asilimia 45 kwa serikali, 45 kwa Wakatoliki, 10 kwa Waprotestanti. Itazame vizuri hiyo 10. Katika milima ambako shule pekee ilikuwa ya Waprotestanti, fungu la mtoto lilitegemea dini ya mmisionari aliyetangulia kufika kijijini. Mzazi wake hakuulizwa.

Baada ya hapo mlipaji alibadilika mara kwa mara. Mwishoni mwa 1974 Rais Mobutu alizitwaa shule za makanisa; mkataba wa Februari 1977 ukazirudisha chini ya usimamizi wa makanisa. Mishahara ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi wakaanza kuwalipa walimu wenyewe. Ndiyo maana kizazi kizima kinaikumbuka asubuhi ambayo orodha ya wasiolipa minervale, yaani ada ya shule, inasomwa darasani, na mtoto anafunga daftari na kurudi nyumbani. Hapo Bourdieu hahitaji mfasiri. Katiba ya 2006 iliahidi elimu ya msingi bure, na utekelezaji ukaanza Septemba 2019.

Wapo watakaosema kwamba bila misioni kusingekuwa na shule kabisa, na kwamba kipaji hujitafutia njia. La kwanza ni kweli, na misioni zinastahili heshima hiyo. La pili litatajiwa Denis Mukwege, aliyeanza udaktari wake hospitali ya Lemera, katika milima hiyohiyo, na kupata Nobel mwaka 2018. Lakini Mukwege ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste: nyuma yake palikuwa na kanisa zima. Mfano wake unathibitisha kwamba kipaji hukua pale mtu anapokibeba. Wengine watasema elimu bure imemaliza tatizo. Imewaingiza watoto wengi darasani, na hilo ni jema kubwa. Lakini bado kuna walimu tunaowaita NP na NU, wanaofundisha wakisubiri kuingizwa kwenye orodha ya mishahara. Mkono mtupu haulambwi. Mwalimu asipolipwa na serikali, gharama humrudia mzazi kwa mlango wa nyuma, na aliye mlimani, mbali na barabara na benki, ndiye huanza kushindwa. Kabla ya kuuliza kwa nini watoto wa Mulenge ni wachache kwenye Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, tuulize mwalimu wao wa darasa la kwanza alipata mshahara lini.