Ute wa Mpungate na Mrenda wa Sokoni

Leo tunazungumzia ute wa mpungate, ule mmea wa miiba ambao wengi huuita kaktasi. Utasikia watu wakisema ute wake hutiwa kwenye sharubati, uji na mchuzi. Je, jambo hili lilianzia wapi?

Mpungate si wa Afrika. Asili yake ni Amerika, na Meksiko wameuchora hadi kwenye bendera yao. Akina mama wa huko hukwangua miiba ya jani changa, wakalikatakata na kulichemsha kama mboga. Wahispania waliupeleka Ulaya baada ya 1492, ukaenea Afrika Kaskazini. Kenya uliletwa enzi za ukoloni, uwe ua na pambo. Kule Laikipia aina moja ilitoka bomani ikafunika malisho, miiba yake ikaumiza midomo ya mbuzi. Baadaye wanawake wa huko walianza kupika jemu kwa matunda yake.

Ute wenyewe ni nyuzinyuzi zinazovuta maji, ndiyo maana chakula huwa kizito na kuteleza. Mama wa Thika au Ruiru anaujua tayari kwa jina jingine: mrenda. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Kukawa na mashamba ya mkonge na kahawa, kisha viwanda, na waliokuja kazini kutoka magharibi mwa Kenya walikuja na mboga zao. Leo fungu la mrenda liko sokoni, bamia pia, na hazina miiba ya kukwangua. Mimi ningeanzia hapo.

Sasa sikiliza kwa makini, mama. Nyua nyingi mitaani kwetu si za mpungate, ni za kariaria, ile yenye vijiti vya kijani. Watu huiita kaktasi, lakini si jamaa yake hata kidogo. Ukiivunja hutoa maziwa meupe, nayo ni sumu: huunguza ngozi, na yakiingia jichoni yanaweza kupofusha. Mpungate hutoa ute usio na rangi. Ukiona maziwa meupe, usipike. Yakimwingia mtoto jichoni, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha mkimbize hospitalini.

Na mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 hapewi ute wowote, wa mpungate wala wa mrenda. Yeye ni maziwa ya mama pekee.