Ulinzi wa Mamalia wa Baharini Wakati wa Ujenzi wa Gati na Bandari

Ulinzi wa mamalia wa baharini wakati wa ujenzi wa gati na bandari ni jumla ya sheria, mbinu na taratibu za kazi zinazokusudiwa kuwaepusha nyangumi, pomboo, nguva, sili na simba wa bahari na madhara ya ujenzi wa ufukweni. Wanyama hawa huweza kugongwa na vyombo, kukosa chakula maji yanapochafuka kwa tope, au kupoteza makazi bahari inapofukiwa. Linalosumbua zaidi siku hadi siku, hata hivyo, ni kelele ya chini ya maji, hasa ile ya kupigilia nguzo za chuma kwenye sakafu ya bahari.

Sauti na sikio

Ndani ya bahari sauti husafiri kwa kasi ya takribani mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Mwanga hupotea haraka, sauti hufika mbali. Ndiyo maana pomboo humsaka samaki kwa mwangwi wa mlio wake mwenyewe, na mama hubaki karibu na ndama wake kwa kuitana. Nguzo ya chuma inapopigwa na nyundo ya tani kadhaa hutetemeka yote, na mtetemo huo huingia majini na kwenye udongo wa chini. Nguzo moja huweza kuhitaji mamia ya mapigo, pengine maelfu.

Mnyama aliye karibu mno huweza kupungukiwa na usikivu kwa muda au moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu pomboo mdogo wa Ulaya (Phocoena phocoena) aliyefugwa nchini Denmark ulionyesha kwamba mlio mmoja tu wa bunduki ya hewa, ukiwa na nguvu ya kutosha, ulimpunguzia usikivu kwa muda. Matokeo ya aina hiyo yaliisaidia Ujerumani kuweka kikomo cha desibeli 160 kwa kila pigo, kikipimwa mita 750 kutoka kwenye nguzo. Ieleweke kwamba desibeli za majini hazilinganishwi moja kwa moja na za hewani, kwa kuwa kila moja ina kianzio chake cha kipimo.

Aliye mbali hapati jeraha la sikio, ila huhama, huacha kula, au sauti za wenzake humezwa na kelele. Madhara haya hayaachi mzoga ufukweni, na kwa sababu hiyo hupuuzwa kwa urahisi.

Sheria ya Marekani

Marekani ilipitisha sheria ya kuwalinda mamalia wa baharini mwaka 1972. Sheria hiyo inakataza kuwawinda, kuwakamata, kuwaua na hata kuwabughudhi. Marekebisho ya mwaka 1994 yaligawa bughudha katika ngazi mbili: ya kwanza inaweza kumjeruhi mnyama, ya pili inaweza kumvuruga katika mwenendo wake wa kawaida, kama kula, kunyonyesha au kuhama. Mjenzi wa gati ambaye kazi yake huenda ikawabughudhi wanyama bila kukusudia huomba kibali kwa idara ya taifa ya uvuvi wa baharini, na kibali cha kawaida hudumu mwaka mmoja.

Kwa ngazi ya pili, idara hiyo imekuwa ikitumia kipimo cha desibeli 160 kwa sauti za mapigo na 120 kwa sauti isiyokatika. Hapo pana jambo linalowashangaza wengi. Nyundo ya mtetemo, inayozamisha nguzo kwa kuitikisa badala ya kuigonga, haina mshindo mkali na ni salama zaidi kwa masikio ya mnyama aliye karibu. Lakini sauti yake haikatiki, na kikomo chake ni cha chini, kwa hiyo eneo la bahari linalohesabiwa kuwa na bughudha huweza kuenea kilomita nyingi kuliko la nyundo ya kugonga.

Beluga wa Anchorage

Mfano unaofundisha sana uko Alaska, katika ghuba ya Cook Inlet. Bandari ya Anchorage, iliyofunguliwa mwaka 1961, hupokea sehemu kubwa ya bidhaa zinazoingia jimboni humo. Nguzo zake za chuma zimeliwa na kutu kiasi kwamba haikuwezekana kukwepa ujenzi mpya. Mbele ya bandari hiyohiyo hupita beluga, nyangumi wadogo weupe ambao hawachangamani na beluga wa mahali pengine. Mwaka 1979 walikadiriwa kuwa takribani 1,300. Uwindaji wa miaka ya 1990 uliwapunguza vibaya, na mwaka 2008 wakatangazwa kuwa hatarini kutoweka. Uwindaji umekoma tangu katikati ya miaka ya 2000, lakini hawajaongezeka kama ilivyotarajiwa. Makadirio ya mwaka 2022 yalikuwa kama 331. Kelele ni miongoni mwa sababu zinazoshukiwa, na kundi dogo hivyo halina nafasi ya kusubiri uhakika.

Maji ya Cook Inlet yamejaa tope la barafuto, na beluga haoni kitu mbele yake. Masikio ndiyo macho yake. Mwishoni mwa kiangazi huwafuata samaki aina ya salmoni wanaopanda mito, wakipita karibu kabisa na gati, na miezi hiyo ndiyo yenye hali ya hewa inayowafaa mafundi. Bandari ilipojenga gati jipya la mafuta na saruji mwaka 2020 na 2021, waangalizi waliwekwa kwenye vituo vilivyoinuliwa, wakiwa na darubini, redio na ramani. Kazi yao ni ngumu kuliko inavyosikika. Mgongo mweupe wa beluga mkubwa hufanana na povu la wimbi, na ndama wake ni wa kijivu, rangi ileile ya maji.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Kabla ya nyundo kuanza, eneo hutazamwa kwa nusu saa. Mnyama akielekea ndani ya mpaka uliowekwa, mwangalizi hutoa taarifa kwa redio na nyundo husimama. Hairejei hadi mnyama aonekane ameondoka au muda uliopangwa upite bila kuonekana tena. Ukungu ukifunika maji, kazi haianzi. Nguvu yote ya utaratibu huu imo katika mamlaka ya huyo mwangalizi. Kama inambidi kwanza kumbembeleza mnyapara anayehesabu saa za kreni ya kukodi, kibali kinabaki karatasi.

Mwanzo wa taratibu, ambapo mapigo ya kwanza hupigwa kwa nguvu ndogo ili wanyama wajiondokee, nao umeenea. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2010 unataka uchukue dakika zisizopungua 20. Ni hatua nzuri, ila inachukulia kwamba mnyama anajua pa kwenda. Beluga mwenye ndama, aliyefuata samaki kwenye mlango wa mto, hana mlango mwingine.

Pazia la mapovu

Kompresa husukuma hewa kwenye bomba lenye matundu lililozungushwa chini ya nguzo, na mapovu yanayopanda hurudisha na kudhoofisha sauti, kwa kuwa hewa na maji haviipitishi kwa namna moja. Mwaka 1996 mbinu hii ilijaribiwa Hong Kong, karibu na kisiwa cha Sha Chau, wakati wa ujenzi wa gati la mafuta ya ndege katika maji ya pomboo weupe wa China. Kwa jumla kelele ilipungua desibeli 3 hadi 5, na zaidi katika baadhi ya masafa ya sauti. Pomboo hawakukimbia wakati wa kupigilia, lakini waliogelea kwa kasi zaidi, na baada ya kazi walionekana wachache. Penye mkondo mkali, kama Anchorage ambako maji hupanda na kushuka kwa takribani mita 9, mapovu husombwa na nguzo hubaki wazi, hivyo hulazimu kuongeza mizunguko ya mabomba au kuyafungia mapovu ndani ya mfuniko.

Hong Kong inaonyesha pia mpaka wa mbinu zote hizi. Mwaka 2016 ilianza kufukia hekta 650 za bahari kwa ajili ya njia ya tatu ya kurukia ndege kwenye uwanja wake. Wahandisi waliimarisha tope kwa kulichanganya na saruji hukohuko chini badala ya kulichimba, na hilo lilipunguza uchafuzi wa maji. Hata hivyo pomboo wa maji ya Hong Kong, waliokadiriwa kuwa 188 mwaka 2003, walikuwa wameshapungua chini ya 50 kufikia mwaka 2017. Mwangalizi huweza kusimamisha nyundo. Hawezi kumrudishia pomboo bahari iliyogeuzwa nchi kavu. Kwa hiyo uamuzi mzito hufanywa mapema, kwenye meza ya mchoraji: gati liwe wapi, liwe na nguzo ngapi, na je, zinaweza kuchorongwa badala ya kupigiliwa?

Pwani ya Afrika Mashariki

Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 na ya Tanzania ya mwaka 2004 zinataka miradi mikubwa ya aina hii ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Wanaohusika zaidi hapa ni pomboo mwenye nundu wa Bahari ya Hindi (Sousa plumbea), aliyeorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka mwaka 2017, na nguva, ambaye sasa huonekana kwa nadra, mfano katika maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Wote wawili hukaa kwenye maji ya kina kifupi karibu na nchi, yaani palepale bandari zinapojengwa. Nguva hula nyasi za baharini, nazo hufa zikifunikwa na tope la mashine za kuchimba kina. Kuanzia Julai hadi Oktoba huja pia nyangumi wenye nundu kuzaa na kunyonyesha.

Tathmini inayotaja wanyama hawa kwa mstari mmoja haitoshi. Inapaswa kuwahesabu wakati wa kaskazi na wakati wa kusi kabla ya nguzo ya kwanza, na kuwauliza wavuvi, ambao hujua mapito ya pomboo kuliko mshauri aliyekaa wiki mbili. Kisha kibali kitaje mpaka wa kusimamisha kazi kwa mita, miezi ambayo nyundo hazitapigwa, na cheo cha mtu mwenye mamlaka ya kusema simama.