Mnunuzi Aliyezaliwa na Sheria: Historia Fupi ya Soko la Bioanuwai

Bioanuwai, yaani wingi wa aina za mimea, wanyama na makazi yao katika eneo fulani, kwa muda mrefu haikuwa na bei sokoni, kwa kuwa mwenye ardhi aliyeacha kinamasi chake bila kukilima alihesabiwa kuwa amejinyima mavuno, wala hapakuwa na mtu wa kumlipa kwa ajili ya vyura na ndege waliosalimika humo. Hali hiyo ilianza kubadilika katika nusu ya pili ya karne ya 20, pale serikali zilipoanza kubuni utaratibu wa krediti za bioanuwai, ambazo ni vipimo rasmi vya makazi ya viumbe yaliyolindwa au kurejeshwa katika kipande cha ardhi, vinavyoweza kuuzwa kwa mtu anayeharibu makazi kama hayo kwingine. Mwenendo wa biashara hiyo nchini Marekani, Australia na Uingereza unaonyesha kwamba kumpata mnunuzi kulitegemea kwanza sheria, na baada ya hapo juhudi za muuzaji.

Nchini Marekani, Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972 ilipiga marufuku kufukia ardhioevu bila kibali, na mamlaka ya kutoa vibali hivyo ikakabidhiwa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi. Mwanzoni mjenzi alitakiwa kufidia uharibifu kwa mikono yake mwenyewe, na mara nyingi vidimbwi vidogo vilivyochimbwa kandokando ya majengo vilikauka au kusahauliwa, jambo lililochochea wazo la benki za ardhioevu, ambamo mwenye ardhi hurejesha kinamasi kikubwa kwanza, kisha huuza krediti kwa wajenzi wengi. Mwaka 1995 serikali kuu ilitoa mwongozo wa benki hizo, na mwaka huohuo jimbo la California likaweka sera ya benki za kulinda spishi zilizo hatarini. Kanuni ya mwaka 2008 iliimarisha soko zaidi, kwa kuwa iliagiza kwamba krediti za benki zipewe kipaumbele mbele ya fidia inayofanywa na mjenzi mwenyewe. Hata hivyo kila benki ilipangiwa eneo lake la huduma, ambalo kwa kawaida hufuata bonde la mto, hivyo mwenye kinamasi kilicho mbali na miji inayokua alikuwa na bidhaa bila mteja.

Jimbo la New South Wales nchini Australia lilianzisha mpango wake mwaka 2008, ambapo mwenye ardhi alitia saini makubaliano ya kudumu yanayofungamana na ardhi yenyewe hata ikiuzwa, na sehemu ya mapato ikawekwa katika mfuko unaomlipa kila mwaka gharama za kuitunza. Ili pande mbili zikutane, serikali iliweka rejista za umma zilizoonyesha krediti zilizopo na zile zinazotafutwa. Mpango mpya wa mwaka 2017 ulimruhusu mjenzi kulipa fedha katika mfuko wa serikali, kisha wakfu wa umma wa uhifadhi ukabeba wajibu wa kutafuta krediti, na hivyo taasisi hiyo ikawa miongoni mwa wanunuzi wakubwa ambao mwenye ardhi angeweza kuwaendea moja kwa moja.

Uingereza ndiko tofauti kati ya hiari na lazima inakoonekana wazi zaidi. Majaribio yaliyofanywa katika maeneo sita ya England kuanzia mwaka 2012 hadi 2014 yalizaa biashara haba, kwa sababu hakuna mjenzi aliyelazimika kununua. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2021 iligeuza mambo, na kuanzia tarehe 12 Februari 2024 miradi mikubwa ya ujenzi ilitakiwa kuacha bioanuwai ikiwa imeongezeka kwa angalau asilimia 10, huku miradi midogo ikifuata mwezi Aprili. Anachouza mwenye ardhi chini ya sheria hiyo ni vizio vya bioanuwai, vinavyokokotolewa kwa ukubwa, aina na hali ya makazi, ilhali krediti huuzwa na serikali pekee kama kimbilio la mwisho. Bei ya krediti hizo iliwekwa juu kwa makusudi, kuanzia paundi 42,000 kwa moja, na mjenzi alitakiwa kununua mbili kwa kila kizio alichopungukiwa, ili wateja wasiwakimbie wenye ardhi.

Kabla ya kuuza, mwenye ardhi wa England hufunga mkataba wa kisheria na mamlaka ya mipango ya eneo lake au na chombo kilichoidhinishwa, akiahidi kutunza makazi hayo kwa miaka isiyopungua 30, kisha huiandikisha ardhi katika rejista ya taifa inayosimamiwa na Natural England, shirika la serikali la uhifadhi. Kuhusu mnunuzi, njia zilizozoeleka ni tatu: kuzungumza na mamlaka ya mipango na wajenzi wa eneo lilelile, kumtumia dalali, au kuikodisha ardhi kwa kampuni inayoendesha benki ya makazi, ambayo hubeba hatari ya kukosa wateja na kuchukua sehemu ya faida. Njia ya kwanza ina nguvu kwa sababu kizio kilicho mbali na mradi hupunguzwa thamani katika hesabu rasmi, na kwa sababu makazi adimu hayafidiwi kwa aina nyingine, kiasi kwamba mwenye shamba la nyasi hawezi kumfaa mjenzi aliyeharibu msitu.

Makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Montreal mwezi Desemba 2022 yaliyahimiza mataifa kutumia krediti za bioanuwai ili kupata fedha za uhifadhi, na tangu hapo limezungumzwa sana soko la hiari, ambamo kampuni hununua kwa ajili ya sifa njema pasipo kushurutishwa. Yaliyotokea katika nchi hizi tatu yanatoa sababu ya kulitazama soko hilo kwa tahadhari. Kwa hiyo mwenye ardhi, popote alipo, anapaswa kujua ni sheria ipi inayomlazimu nani kununua, makazi ya aina gani yanatakiwa, na katika eneo lipi, kabla hajatia saini ahadi itakayomfunga yeye na warithi wake.