Taierzhuang, 1938: Ushindi wa Majeshi Yaliyokataliwa

Mapigano ya Taierzhuang ya mwaka 1938 husifiwa kuwa ushindi mkubwa wa kwanza wa Wachina tangu Japani ilipoanza vita kamili dhidi ya nchi yao mwezi Julai 1937. Sifa hiyo ni ya haki, ila yaficha jambo lenye uzito zaidi, yaani ni akina nani walioupata ushindi huo.

Baada ya kuuteka mji mkuu, Nanjing, tarehe 13 Desemba 1937, Wajapani waliukusudia mji wa Xuzhou, zilipokutana reli mbili kubwa. Aliyekabidhiwa ulinzi wake ni Jenerali Li Zongren, mkuu wa majeshi ya Guangxi, ambaye mwaka 1929 alikuwa amepigana na serikali hiyohiyo ya Chiang Kai-shek. Askari wake wengi walikuwa wa majimbo: silaha zao duni, nao hawakuaminiwa. Wale wa Sichuan walikuwa wamekataliwa na makamanda wa kwingine, Li akawapokea. Mwezi Machi waliulinda mji wa Tengxian hata Wang Mingzhang, kiongozi wao, akauawa humo tarehe 17.

Kisa cha Linyi chastahili kuelezwa kwa kirefu. Hapo Pang Bingxun alibanwa na divisheni ya 5 ya Kijapani, na Li akamwamuru Zhang Zizhong aende kumwokoa. Amri ngumu! Mwaka 1930, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Pang alikuwa amemgeuka Zhang, mshirika wake, na kumshambulia. Isitoshe, Zhang mwenyewe aliitwa msaliti kwa kuwa alibaki Beiping (ndiyo Beijing ya leo) mji huo ulipotekwa mwaka 1937. Alikwenda. Divisheni ya 5 ikarudishwa nyuma, isiweze kuungana na ya 10 iliyokuwa ikielekea Taierzhuang.

Katika Taierzhuang, kando ya Mfereji Mkuu, askari wa Sun Lianzhong walipigana kuanzia tarehe 24 Machi nyumba kwa nyumba, na usiku kwa mapanga na mabomu ya mkono, hata sehemu kubwa ya mji ikawa mikononi mwa adui. Sun aliomba ruhusa ya kuvuka mfereji arudi nyuma, Li akakataa. Tang Enbo, aliyeongoza majeshi ya serikali kuu yenye silaha bora, alikawia kiasi cha kulaumiwa, lakini alipotokea nyuma ya Wajapani hawakuweza kustahimili. Kufikia tarehe 7 Aprili walikuwa wamekwisha kurudi nyuma.

Mji wa Xuzhou wenyewe ulitekwa tarehe 19 Mei. Zhang Zizhong, yule aliyeitwa msaliti, aliuawa vitani huko Hubei tarehe 16 Mei 1940. Pang Bingxun, aliyeokolewa naye, aliangukia mikononi mwa Wajapani mwaka 1943, akaitumikia serikali waliyoiweka.