UZI: VAT kwenye karo ya shule za kibinafsi. Bomet ishalipa kodi ya shule mara ngapi?

1/ Kila bajeti ikikaribia, kuna mtu huuliza: mbona shule za kibinafsi hazitozwi VAT? Mwingine anamjibu: mnataka kuua elimu! Kabla hujachagua upande, twende Bomet kidogo, turudi nyuma miaka 100. Hapa hatutaji mwanasiasa wala chama.

2/ Sheria ya 1924 iliunda mabaraza ya wenyeji. Bomet wakati huo ilikuwa ndani ya Kericho. Mwananchi alikuwa tayari analipa kodi ya nyumba kwa mkoloni, na sasa baraza nalo likaruhusiwa kutoza ushuru wake. Sehemu nyingi za Kenya, hela ya baraza ilisaidia kujenga shule. Kodi mbili basi: moja ilienda kwa serikali kuu, nyingine uliiona imesimama, ukuta na paa.

3/ Uhuru ukaja na harambee. Watu wakatoa pesa, ng'ombe, mawe, jasho. Kufikia miaka ya 1970, sekondari za harambee nchini zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Haikuitwa kodi, lakini chifu akija na daftari, jaribu kukataa uone.

4/ 1974: karo ikafutwa darasa la 1 hadi la 4. Watoto wakafurika, madarasa hayakutosha, shule zikaanza kudai pesa ya ujenzi. Kuna mahali ilizidi hata karo iliyofutwa. 1988 ikaja sera ya kugawana gharama. Mzazi tena.

5/ 2003: msingi bure. Jambo zuri, watoto wengi waliokuwa nyumbani walirudi shule. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Wazazi wengi wakaanza kutafuta akademi, hata ya mabati, bora mwalimu amjue mtoto kwa jina.

6/ Kwa hivyo ukisikia "shule ya kibinafsi", usifikirie tu bwawa la kuogelea Nairobi. Hapa Bomet mzazi wa akademi anaweza kuwa mkulima wa ekari moja ya chai anayengoja bonasi ya Oktoba ndio alipe karo ya Januari. Na bonasi ya magharibi mwa Bonde la Ufa mara nyingi huwa chini ya ile ya Mlima Kenya.

7/ Sasa sheria. Sheria ya VAT ya 2013 inasamehe huduma za elimu. Lakini kusamehewa si sawa na kutozwa kiwango cha sufuri. Shule iliyosamehewa hailipishi VAT kwenye karo, ila pia hairudishiwi VAT iliyolipa kwenye saruji, mabati na madawati. Gharama hiyo iko ndani ya karo tayari. Mzazi anailipa bila kuiona.

8/ Hesabu ya mfano. Karo Sh24,000 kwa mwaka. Asilimia 16 ni Sh3,840. Tuseme malipo ya mwezi ya chai ni Sh24 kwa kilo: hiyo ni kilo 160 za majani. Shule ingerudishiwa VAT ya manunuzi, kwa hivyo nyongeza inaweza kupungua kidogo. Kidogo tu, kwa sababu gharama kubwa ya shule ni mishahara, na mishahara haina VAT ya kurudishwa.

9/ Kuna pia kizingiti: kujisajili kwa VAT ni lazima mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka. Kwa karo hiyo hiyo, akademi ya watoto 150 inakusanya milioni 3.6, iko nje. Ya watoto 300 inakusanya milioni 7.2, iko ndani. Kizingiti kinapima ukubwa wa shule, hakipimi mfuko wa mzazi.

10/ Wanaotaka kodi nao wana hoja, tusiwabeze. Msamaha hauchagui: anayelipa karo ya milioni anasamehewa zaidi ya mkulima wetu. Na mtoto wa shule ya umma anakosa dawati wakati huo huo. Uingereza ilianza kutoza asilimia 20 tarehe 1 Januari 2025, serikali ikisema pesa itasaidia kupata walimu 6,500 wa shule za umma.

11/ Tofauti ni hii. Ushuru wa baraza ulikaa karibu na aliyelipa. VAT inaingia kapu kuu la taifa. Kaunti ya Bomet inashughulikia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, shule za msingi na sekondari ziko kwa serikali kuu. Hakuna kinachosema shilingi ya akademi ya Bomet itarudi kama mwalimu wa shule ya umma ya Bomet.

12/ Watu wa hapa hawajawahi kukataa kulipia shule. Wamelipa kwa ushuru, kwa ng'ombe, kwa pesa ya ujenzi, kwa bonasi. Kwa hivyo mtu akija kwako na hoja ya VAT, ya kutoza au ya kusamehe, muulize mawili: mstari unaukata kwa karo ya shilingi ngapi? Na hiyo pesa, nitaiona imesimama wapi?

Mwisho wa uzi. Wewe ungeukata mstari wapi? Weka kiasi, tusipige kelele.