Ubavu Ulio Chini ya Pembe

Kilolo ni nchi ya miteremko. Kabla ya kujenga nyumba ya tofali za kuchoma, kiwanja hukatwa upande wa mlima mpaka kikae sawa, ndipo fundi apige kamba. Kwenye kona anasimika kigingi. Anapima futi 3 kwenye uzi mmoja, futi 4 kwenye wa pili, halafu anavuta tepu toka alama hadi alama. Ikisoma 5, kona imekaa skwea. Ikizidi, uzi mmoja unasogezwa.

Mstari huo wa 5 ndio hipotenusi. Wababiloni waliujua mapema: kibao cha udongo kiitwacho Plimpton 322, cha mnamo 1800 KK, kina safu nzima ya mistari kama huo, nao waliuita siliptum, mkato wa kukingama. Mstari wa 11 wa maandishi yake una 45 na 75, yaani 3 na 5 zilizozidishwa kwa 15.

Jina tulilonalo, hata hivyo, ni la Kigiriki. Euclid, mnamo 300 KK, katika kauli ya 47 ya kitabu cha kwanza kati ya vitabu vyake 13, anautaja mstari huo kwa kirefu: ubavu unaonyooka chini ya pembe mraba. Chini? Kwenye daftari zetu mstari huo hupanda kama paa. Geuza karatasi, pembe mraba ikae juu, na Mgiriki ataeleweka. Maneno hayo marefu yalikatwa, ikabaki hypoteinousa, “unaonyooka chini”, kama nasi tulivyoanza na mkono wa kulia chakula tukaishia kusema “kata kulia”. Mkia wa neno bado unapatana na pleura, ubavu, ingawa ubavu wenyewe hautajwi tena.

Wahindi wa kale, katika kanuni zao za kujenga madhabahu, waliuita kamba ya kukingama. Waarabu, waliomfasiri Euclid huko Baghdad katika karne ya 9, waliuita watar, yaani upote wa upinde. Jina hilo ningelipenda zaidi, ila halikutufikia darasani. Kutoka Kiarabu tulipata mraba, mstatili na duara kwa njia ya pwani; hipotenusi ilipita Kilatini, ikaingia Kiingereza, ikaja na shule za wakoloni.